Gari la Kesho, Pesa ya Leo

Ndugu zetu, tunajua siku ya mapumziko kambini ubishi wa gari za spoti haukosi. Huyu anasifia umbo, yule anasema bei imezidi. Kubishana ni bure. Kulipia gari ambalo halijatengenezwa, hapo ndipo tunataka tuangalie hesabu.

Novemba 2017 kampuni ya Tesla ilionyesha Roadster mpya huko California: gari la umeme, paa linavuliwa. Bei ya kuanzia ilitajwa dola 200,000, na gari liliahidiwa mwaka 2020. Kushika nafasi, arbuni dola 50,000. Waliotaka toleo la kwanza walitakiwa kulipa zote, dola 250,000. Mwaka 2020 ukapita, 2024 nao ukaisha, hakuna mteja aliyekuwa amekabidhiwa gari.

Sasa tupige hesabu. Dola 50,000 zikikaa benki kwa faida ya asilimia 4 tu, kila mwaka zinazaa dola 2,000. Miaka mitano ni 10,000. Hiyo ndiyo bei ya kusubiri, na kwenye tangazo haimo.

Utasema, mimi sinunui Roadster. Sawa. Lakini nyumba ya kwenye picha, kiwanja ambacho hakijapimwa, gari "linakuja na meli ijayo", mtindo ni uleule. Kabla hujatuma hela uliza: kitu chenyewe kipo? Tarehe ya kukabidhiwa imeandikwa kwenye mkataba? Ikipita, narudishiwa changu lini? Ukijibiwa kwa mdomo tu, hela ibaki kwako.