Waya Ndani ya Mshipa: Jawabu kwa Familia ya Embu na Meru

 

Binti mmoja wa huku kwetu pwani, aliyeolewa Embu, ametuletea barua juu ya mama mkwe wake. Mama huyo ni mtu mzima mwenye kisukari cha miaka mingi, na kidole chake cha gumba cha mguu kina kidonda kisichofunga. Daktari amewaambia kwamba mshipa wa damu wa pajani umeziba, na kwamba mama apelekwe Nairobi akapitishwe waya ili utando ulioziba uondolewe. Wakichelewa, huenda mguu ukakatwa. Shemeji zake walioko Meru wamegawanyika. Mmoja asema waya huo utamchoma moyo. Wa pili ataka mama apigwe chuku kwenye muundi. Wa tatu aona bora mguu ukatwe mara moja, gharama ziishe. Binti atuuliza: waya huo ni kitu gani, na dini yasemaje?

Tumeona jawabu lake litafaa nyumba nyingi, kwa hivyo twalitoa hapa kwa wasomaji wote.

Ugonjwa wenyewe

Damu safi hutoka moyoni na kwenda miguuni kwa mishipa iitwayo ateri. Kwa miaka mingi, mafuta na chokaa huweza kuganda kwenye kuta za mishipa hiyo na kufanya utando mgumu, mfano wa mtaro unaojaa tope. Njia hupungua, na mguu hukosa haki yake ya damu. Wanaoupata zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na wenye mafuta mengi katika damu.

Dalili ya kwanza ni maumivu ya shavu la mguu wakati wa kutembea, yanayotulia mtu akisimama kupumzika. Huko Meru na Embu, kwenye vilima na mashamba ya chai na kahawa, mzee akianza kusimama kila baada ya hatua chache, watu husema ni uzee tu. Kisha mguu huwa baridi, ngozi hung'aa na malaika hutoka, vidonda havifungi, na usiku maumivu humfanya mgonjwa auning'inize mguu nje ya kitanda apate nafuu.

Kipimo cha mwanzo ni chepesi. Tabibu hupima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kwenye mkono, kisha hugawa la mguu kwa la mkono. Jawabu likiwa chini ya 0.9, kuna mshipa ulioziba. Lakini kwa wenye kisukari mishipa huweza kuwa migumu hata kipimo kikadanganya, na hapo huhitajika kipimo kingine.

Waya ni nini

Waya huu si kama wa uzio wala wa umeme. Unene wake ni baina ya milimita 0.36 na 0.89, na urefu huweza kufika mita 3. Kiini chake huwa ni cha pua au cha mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao hupindwa na kurudi ulivyokuwa. Ncha yake ni laini, nayo nyingi hupakwa utando unaoteleza ukilowa.

Daktari humtia mgonjwa ganzi kwenye kinena, mara nyingi upande wa mguu mzima. Hutoboa ateri kwa sindano, hupitisha waya ndani ya sindano hiyo, kisha huiondoa sindano na kuuacha waya. Njia hii ilielezwa mwaka 1953 na daktari wa Uswidi, Sven-Ivar Seldinger, na hadi leo hutumiwa duniani kote. Kwa kutazama picha za eksirei, daktari huuelekeza waya upande hadi pale mishipa ya miguu miwili inapogawanyika chini ya kitovu, kisha huushusha kwenye mguu mgonjwa. Kwa hivyo hauelekezwi moyoni, na shemeji wa kwanza na atulie.

Kazi ngumu ni kuuvusha waya katika mahali palipoziba. Ukishavuka, huwa kama reli: vyombo vingine vyote hupita juu yake. Kuna kijimpira kinachojazwa kutanua njia, na kuna vyombo vya kuondoa utando wenyewe, vingine kwa wembe mdogo, vingine kwa kichwa kinachozunguka na kusaga, vingine kwa mwanga wa leza. Waya hautolewi hadi kazi ikamilike, kwani ukitoka mapema njia huweza kupotea. Na usipovuka kabisa, hubaki upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine kando ya ulioziba.

Mtu wa kwanza kutibiwa mguu kwa kufuata waya alikuwa mwanamke wa miaka 82, mjini Portland, Marekani, tarehe 16 Januari 1964. Alikuwa amekataa kukatwa mguu. Daktari Charles Dotter alimtanulia mshipa wa pajani, naye akaendelea kutembea kwa miguu yake hadi alipofariki zaidi ya miaka 2 baadaye.

Hatari zipo, nazo zisifichwe. Mshipa huweza kutoboka au kuchanika ndani, vipande vya utando huweza kushuka na kuziba chini, na dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha huweza kuelemea figo. Mama na ataje dawa zote anazotumia, hasa za kisukari. Wala si kila mgonjwa ahitaji waya: mwenye maumivu ya kutembea tu huanza kwa kuacha sigara, kunywa dawa na kufanya mazoezi ya kutembea. Bali mwenye kidonda kisichofunga hana muda wa kungoja.

Hukumu ya dini

Mwili ni amana. Kutafuta tiba ni jambo tulilohimizwa, na wanazuoni wamezidisha mkazo pale uhai unapohofiwa. Kukata kiungo kwajuzu ili kuokoa uhai, lakini madhara madogo hutangulizwa kabla ya makubwa. Madaktari wakiona mguu waweza kuokolewa, si haki kuukata kwa kuwa ni rahisi kwa mfuko wa watoto. Na wakisema umekwisha kufa na sumu yapanda, kukataa kukatwa ni kuihatarisha nafsi. Aliyekatwa huosha kilichobaki katika udhu na huswali kwa kukaa asipoweza kusimama. Ibada yake ni kamili.

Ama stara, kufunuliwa kinena mbele ya tabibu kwaruhusiwa kwa kadiri ya haja. Mama aweza kuomba muuguzi wa kike awepo na afunikwe sehemu isiyohitajika. Na chuku kwenye mguu uliokosa damu isipigwe: kila chanjo ni mlango wa kidonda kipya kisichofunga.

Jukumu la nyumbani

Kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Embu ni zaidi ya 100. Familia na ichukue barua ya rufaa, iulize mapema bima ya SHA italipa kiasi gani, kisha ndugu wachangie. Wenye zaka wakumbuke kwamba maskini mgonjwa ana fungu lake.

Akina mama, nyinyi ndio walinzi wa miguu ya wazee. Udhu ni mara 5 kwa siku: anapopitisha maji baina ya vidole, tazameni kama pana mchubuko au weusi, kisha mkaushe vizuri. Hina na piko kwenye kucha za mwenye kisukari zaweza kuficha rangi ya hatari. Usiku wa baridi wa Meru, msimsogeze mzee karibu na jiko. Mguu wenye ganzi huungua bila kuhisi. Mguu ukipauka ghafla, ukawa baridi na kuuma sana, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Na vijana wasisahauliwe. Muguka wa Embu, uliozusha mabishano makubwa Mombasa na Kilifi mwezi Mei 2024, na miraa ya Meru vina kemikali inayobana mishipa ya damu, na mara nyingi huandamana na sigara. Anayemhurumia bibi yake na aanze kwa mishipa yake mwenyewe.

Kwa binti yetu wa Embu: nasaha yetu ni mama apelekwe Nairobi wiki hii, na shemeji zako wote watatu wafuatane naye wakamsikilize daktari kwa masikio yao. Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wetu wote. Amin.