Hati Kwanza, Nembo Baadaye

Magari ya mtumba yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa huja na maandishi ambayo wengi wetu hatuyasomi. Ubavuni mwa basi dogo pana jina la shule ya chekechea, mlangoni mwa lori pana jina la kampuni ya ujenzi, na gari hupewa namba za huku na kuingia barabarani bila mtu kuyafuta. Lizunguke gari moja la namna hiyo. Ubavu wa kushoto maneno yanasomeka kutoka kushoto kwenda kulia. Ubavu wa kulia, kwenye baadhi ya magari, maneno yale yale yamepangwa kinyume na yanaanzia kulia. Aliyeyachora hakukosea. Japani upo utaratibu wa zamani wa kuanza maandishi ya vyombo vya usafiri upande wa mbele, ili gari au meli inapokwenda, herufi ya kwanza iwe ndiyo iliyotangulia.

Kwa Mjapani, hata mwelekeo wa maandishi ni uamuzi wa kisanaa. Lugha yake huandikwa kutoka juu kwenda chini au kutoka kushoto kwenda kulia, na mabango mengi ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili yalisomwa kutoka kulia. Anayebuni nembo kwa herufi za Kilatini hakutani na maswali hayo. Anayetaka kubuni nembo kwa Kijapani, iwe ya mgahawa wa sushi, ya klabu ya karate au ya bidhaa inayokwenda kuuzwa huko, anakutana nayo kabla hajachonga penseli. Na swali kubwa kuliko yote ni hili: atumie hati ipi?

Kijapani kina hati tatu zinazoishi ndani ya sentensi moja. Kanji ni alama zilizotoka China, kila moja ikiwa na maana yake. Orodha rasmi ya mwaka 2010 ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136. Hiragana na katakana ni hati za silabi, kila moja ikiwa na alama 46 za msingi. Zote mbili zilizaliwa Japani kutokana na kanji. Hiragana ilitokana na mwandiko wa haraka, uliolegezwa hadi ukawa mviringo. Katakana ilitokana na vipande vya kanji ambavyo watawa wa Kibuddha walivitumia kuweka alama za usomaji pembeni mwa maandiko yao, ndiyo maana hadi leo ina mistari mifupi na pembe kali. Hiragana huandika maneno ya kienyeji na viambishi vya sarufi. Katakana huandika maneno na majina yaliyotoka nje, na pia hutumika pale mwandishi anapotaka neno lisikike kwa nguvu.

Kwa hiyo jina lile lile la biashara hubadilika sura na tabia kulingana na hati, hata kama matamshi hayabadiliki. Benki za Japani zinalijua hilo vizuri. Baada ya miungano mikubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mizuho na Resona zilichagua kuandika majina yao kwa hiragana, hati ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaisoma, na taasisi zilizokuwa zikitazamwa kwa woga zikaonekana za karibu zaidi. Mji wa Saitama nao, ulipoundwa mwaka 2001 kwa kuunganisha miji mitatu, uliandika jina lake kwa hiragana ilhali mkoa wenye jina hilo hilo hutumia kanji. Nintendo, iliyoanzishwa Kyoto mwaka 1889, imebaki na kanji tatu katika jina lake rasmi la Kijapani, na umri wa nyumba hiyo unaonekana humo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Toyota. Mwaka 1936 kitengo cha magari cha kiwanda cha mitambo ya kufuma cha familia ya Toyoda kilitangaza shindano la kubuni nembo, na michoro ipatayo 27,000 ikapokelewa. Mchoro ulioshinda ulikuwa wa katakana ndani ya duara, na ulisomeka Toyota kwa t, si Toyoda kwa d. Katika katakana tofauti ya sauti hizo mbili ni vidoti viwili tu juu ya alama ya mwisho. Vikiondolewa, jina linaandikwa kwa kuiweka kalamu karatasini mara nane badala ya mara kumi, na nane ni namba ya heri kwa Wajapani kwa kuwa kanji yake hupanuka kuelekea chini kama mambo yanayoendelea kukua. Sauti nayo ilionekana safi zaidi, na bidhaa ikajitenga kidogo na jina la ukoo wa wenye mali. Kampuni ya magari ikachukua jina la kwenye mchoro. Duaradufu tatu tunazoziona kwenye usukani zilikuja baadaye sana, mwaka 1989.

Canon ilifika mbali zaidi: iliacha kanuni ya tahajia kwa ajili ya macho. Kwa kawaida jina hilo lingeandikwa キャノン, alama ya pili ikiwa ndogo kuonyesha kwamba inaungana na ile ya kwanza. Kampuni yenyewe imeeleza kwamba alama hiyo ndogo huacha nafasi tupu juu yake, mfano wa shimo katikati ya jina. Ikaandika キヤノン, alama zote kwa kimo kimoja, ingawa watu wanaendelea kutamka kama zamani. Fujifilm na Kewpie nazo zimekuza alama ambazo kanuni inataka ziwe ndogo.

Kampuni za reli za JR, zilizozaliwa mwaka 1987, shirika la reli la serikali lilipobinafsishwa, zilikuwa na tatizo la aina nyingine. Kanji ya chuma, iliyomo ndani ya neno reli, imeundwa kwa sehemu mbili: ya kushoto husomeka pia kama fedha, na ya kulia kama kupoteza. Nani atake kuanza biashara mpya chini ya bango la kupoteza fedha? JR Mashariki na nyingi ya dada zake zilichora nembo zao zikifupisha mstari mmoja kidogo tu, hadi sehemu ya kulia ikawa kanji ya mshale. Jina lililosajiliwa halikuguswa. Msanifu asiyejua Kijapani angeweza kuitazama nembo hiyo mwaka mzima asione kilichofanyika.

Sasa tuje kwenye ufundi. Kila alama ya Kijapani hukaa ndani ya mraba usioonekana, na miraba yote ina ukubwa sawa, iwe alama ina mstari mmoja au ishirini. Jukumu la msanifu ni kugawa weupe ndani ya miraba hiyo ili alama nzito isiifunike nyepesi. Kana, yaani hiragana na katakana, huchorwa ndogo kidogo kuliko kanji, la sivyo jina huonekana limevimba katikati. Mpangilio wa mistari nao una kanuni: kila alama huandikwa kwa mfuatano maalumu, na unene wa mstari hubadilika kulingana na pale brashi ilipoanza na ilipoishia. Anayenakili umbo bila kujua kalamu ilianzia wapi huweka unene mahali pasipo pake.

Chukua Kilimanjaro. Kahawa ya Tanzania huuzwa Japani kwa jina hilo, na kwa kuwa ni jina la kigeni huandikwa kwa katakana: キリマンジャロ. Lugha yetu ina bahati hapa, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu kama zao. Hata hivyo l na r kwao ni sauti moja, Zanzibar huwa Zanjibaru, na Mbeya huwa Mubeya. Itazame alama ya nne, ン, ambayo ni sauti ya n. Ina ndugu anayefanana nayo mno, ソ, anayesomeka so. Katika ン mstari mrefu unaanzia chini na kupanda kuelekea kulia. Katika ソ unaanzia juu na kushuka. Mkono ukiteleza, pakiti ya kahawa inasomeka Kirimasojaro. シ na ツ, yaani shi na tsu, zina mtego huo huo. Mbele ya ン pana ジ, iliyojengwa juu ya シ, kisha ile ndogo ャ iliyoisumbua Canon. Jina letu maarufu kuliko yote huko Japani limebeba mitego miwili mikubwa ya katakana, ikiwa bega kwa bega.

Wajapani wenyewe wameipinda na kuinyoosha hati yao kwa karne nyingi, kwa hiyo asije mtu akasema kanuni hizi zinaua ubunifu. Mwaka 1779 mtaalamu wa mwandiko wa Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, aliyeitwa Okazakiya Kanroku, alibuni mwandiko wa matangazo ya maigizo ya kabuki ambao hadi leo unatumika. Mistari ni minene na imejikunja kuelekea ndani ili kuwavuta watu ukumbini, na nafasi tupu zimebanwa ili viti visibaki wazi. Mwandiko wa kumbi za wasimulia hadithi huinuka kidogo kuelekea kulia, kuombea idadi ya watazamaji ipande.

Mwaka 2006 msanifu Kashiwa Sato alipewa kazi ya kuitengenezea kampuni ya nguo ya Uniqlo sura mpya ilipokuwa ikifungua duka kubwa New York. Angeweza kubaki na Kilatini tu. Badala yake alichora pia katakana nne za jina hilo, mbili juu na mbili chini, mistari imenyooka, nyeupe ndani ya mraba mwekundu, akaziweka kando ya mraba wa pili wenye herufi za Kilatini. Hakutafuta brashi, wala maua ya mcheri, wala mwandiko wa kizamani wa kuwapendeza wageni. Alichukua hati ambayo Wajapani wanaiona kila siku kwenye maduka ya bei nafuu, akaichora kwa heshima ile ile ambayo msanifu wa Ulaya hukipa Kilatini. Ninaiona kuwa mojawapo ya nembo bora za karne hii.

Mfano wa upande wa pili ni Superdry ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo kwenye nguo zake iliweka maandishi 極度乾燥(しなさい). Msomaji wa Kijapani huyasoma kama amri iliyovurugika, kitu kama kausha kupita kiasi, fanya hivyo. Nguo ziliuzwa sana kwa wasioyasoma. Kwangu hilo haliyatetei. Hati iliyotumika kama pambo humwambia mwenye lugha kwamba hakufikiriwa alipokuwa akitafutwa mnunuzi.

Kosa la kimya zaidi hutoka kwenye kompyuta. Kanji nyingi za Kichina na za Kijapani zina namba moja ya kidijitali, ila huchorwa tofauti. 直 na 骨 ni mifano. Ukiandika jina la Kijapani kwa fonti ya Kichina, programu haitakuonya, na Mjapani ataona mara moja kwamba bango lina lafudhi ya kigeni. Chagua fonti iliyotengenezwa kwa Kijapani, na faili liwekwe lugha ya Kijapani tangu mwanzo.

Nasi tuliwahi kuandikiwa lugha yetu na wageni: katika karne ya 20 kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilichapwa viwandani Japani. Mafundi wa kule hawakukijua Kiswahili, lakini maneno ya kanga yalitoka kwa wafanyabiashara wa huku, akiwamo Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, waliojua mwanamke wa Lamu au Unguja atasoma nini. Tuwafanyie Wajapani hivyo hivyo. Mtafute msomaji wa Kijapani kabla ya rasimu ya kwanza, mweleze biashara yako, akuchagulie hati, na umrudishie mchoro kila unapobadilika hadi siku ya kuchapa. Mlipe kama unavyomlipa msanifu.