Fahamu: Kwa nini usiku wa bahari kuu haupoi sana

Katika jangwa la Sahara, joto la alasiri linaweza kulizidi la alfajiri kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Katikati ya Bahari ya Hindi, mbali na nchi kavu, tofauti hiyo kwa kawaida ni nyuzi 1 hivi, na mara nyingi haifiki hata hapo.

Kinachoituliza hewa ya baharini ni maji. Kilo moja ya maji huhitaji nishati takriban mara 5 ya kilo moja ya mchanga mkavu ili joto lake lipande nyuzi 1. Isitoshe, mwanga wa jua hupenya mita nyingi chini, mawimbi hulikoroga joto linalotokana nao, na sehemu yake kubwa huondoka na mvuke. Usiku, bahari huirudishia hewa joto polepole.

Upepo ukilala mambo hubadilika: mchana joto la uso wa maji linaweza kupanda nyuzi 3 au zaidi.

Kupima tofauti ndogo kama ile ya nyuzi 1 ni kazi ngumu. Mchana sitaha ya meli huchomwa na jua, na kipimajoto husoma joto la chombo badala ya la hewa. Ndiyo maana watafiti wa tabianchi huviamini zaidi vipimo vya usiku, na ndiyo maana maboya ya kupimia yaliyotiwa nanga, kama yale ya mtandao wa RAMA katika Bahari ya Hindi, yanastahili kulindwa. Usahihi huo una uzito: joto la uso wa bahari duniani lilivunja rekodi mwaka 2023. Ongezeko la aina hiyo huhesabiwa kwa sehemu ndogo za nyuzi moja.