Wakala wa Bima: Bingwa wa Jambo Moja au Muuzaji wa Yote?

Ndugu yetu mmoja katika imani, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye jina lake tunalihifadhi, alitujia na bahasha yenye mikataba mitatu ya bima: wa gari, wa moto kwa ajili ya duka, na wa akiba ya elimu ya watoto. Yote mitatu alikatiwa na wakala mmoja, kwa siku moja, juu ya kaunta ya duka lake. Baadaye duka liliteketea. Alipodai fidia alijibiwa kwamba fomu yake ilitaja vitambaa pekee, ilhali nyuma ya duka aliuza pia mitungi ya gesi. Wakala aliiona mitungi hiyo kwa macho yake, lakini hakuuliza neno. Kazi aliyoizoea ilikuwa bima ya magari, na hakujua kuwa swali hilo moja lilibeba uzito wa mkataba mzima.

Tuliposoma karatasi zile tulijiuliza swali linalostahili kuulizwa na kila familia: je, wakala wa bima abobee katika aina moja, au auze kila aina inayopatikana?

Kwanza tuelewe kazi yake. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli. Mwombaji anawajibika kueleza kila jambo linaloweza kuongeza hatari, na akificha, hata kwa kutojua, madai yake yanaweza kukataliwa. Wakala, tofauti na dalali wa bima anayemwakilisha mteja, huiwakilisha kampuni. Hata hivyo, aghalabu yeye ndiye mtu pekee ambaye mwananchi wa kawaida huonana naye kabla ya kutia saini. Asipojua la kuuliza, mteja naye hatajua la kueleza.

Na maswali hayafanani. Kwenye gari huulizwa kama ni la familia au la kubeba abiria kwa malipo. Kwenye maisha huulizwa maradhi ya zamani. Kwenye nyumba, thamani ndiyo yenye mtego. Mtu mwenye nyumba ya shilingi milioni 40 akaikatia bima ya milioni 20 ili apunguze ada, kisha akapata hasara ya milioni 10, anaweza kulipwa milioni 5 tu, kwa kuwa alikinga nusu ya mali yake. Wakala mzoefu wa bima za majengo hulieleza hilo mapema. Asiyezoea hufurahi kwamba mteja amekubali.

Hata hivyo uadilifu unatutaka tusikilize upande wa pili. Katika miji midogo wateja ni wachache, na wakala anayeuza aina moja pekee anaweza kukosa riziki. Kamisheni ya bima ndogo ya gari ni kidogo, nayo huja mara moja kwa mwaka. Aidha familia hupenda mtu mmoja anayewafahamu, anayejua kwamba mtoto wa kwanza anaingia sekondari na kwamba baba amenunua pikipiki ya biashara. Mtu kama huyo huona pengo ambalo bingwa wa jambo moja halioni. Hoja hizi ni za kweli, wala hatuzidharau.

Lakini kwetu sisi Waislamu liko jambo la ziada. Mwaka 1985 Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake mjini Jeddah, iliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa inayoufisidi mkataba, na ikaelekeza kwenye bima ya ushirikiano. Sudan ilikwisha kutangulia kwa kuanzisha kampuni ya Kiislamu mwaka 1979, na kwa majirani zetu wa Kenya kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Hapa kwetu nako takafuli imeanza kufahamika.

Wakala anayeuza bima ya kibiashara asubuhi na takafuli jioni ana mtihani mkubwa. Anapaswa kueleza kwamba mchango wa mshiriki ni tabarrui, kwamba mfuko ni wa washiriki na kampuni ni mwendeshaji wake anayelipwa ujira, na ziada ikipatikana itagawanywaje. Akisema kwamba takafuli ni bima ileile iliyopewa jina la Kiarabu, amempotosha mteja katika dini yake na katika mali yake.

Zito zaidi ni mirathi. Baba anapoandika jina la mkewe kuwa mpokeaji wa malipo baada ya kifo chake, je, mke huyo anapokea kama hiba au kama msimamizi wa kuwagawia warithi wote? Malaysia, kwa sheria yake ya mwaka 2013, imelitenganisha jambo hilo waziwazi: mshiriki humteua mtu ama kuwa msimamizi, ama kuwa mnufaika kwa njia ya hiba yenye sharti. Sheria hiyohiyo iliziamuru kampuni kutenganisha takafuli ya familia na takafuli ya jumla. Amri hiyo iliwahusu waendeshaji, si mawakala, lakini hekima yake inatufaa: jambo la mwaka mmoja na jambo la umri mzima hayachukuliwi kwa mkono mmoja.

Rai yetu ni hii. Wakala na aijue familia nzima, ila auze lile tu analoweza kulitetea siku ya madai. Lililobaki ampeleke mteja kwa mwenzake anayelijua. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na hapa linaloponyoka ni mali ya mayatima. Tunakumbuka namna Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuificha aibu ya bidhaa yake. Kutojua unachokiuza, kisha ukanyamaza, ni kuweka pakavu juu ya palipolowana.

Nanyi wasomaji wetu, kabla ya kutia saini muulizeni wakala leseni yake, kisha muulizeni: umewahi kusimamia madai mangapi ya aina hii, na ni mambo gani mkataba huu haulipi? Akibabaika, ahirisheni. Aliyedhulumiwa naye asikae kimya, kwani ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ndugu yetu wa vitambaa leo anauza kwenye meza ya kukodi. Mkataba wa elimu ya wanawe bado anao. Alituomba tumsomee, ukurasa kwa ukurasa, naye akawa anauliza yale ambayo hakuulizwa siku ile.