RAID na Upanuzi wa Hifadhi Dijitali: Safu ya Diski Inapovuka Sanduku Moja

Utangulizi

Suala la kuhifadhi fasihi simulizi na miswada ya kale ni miongoni mwa masuala yanayowashughulisha wataalamu wa Kiswahili. Kanda zilizorekodiwa nyanjani hugeuzwa kuwa faili za tarakilishi, na miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kazi hii huhitaji nafasi kubwa. Saa moja ya sauti ya stirio iliyorekodiwa kwa ubora wa juu, yaani biti 24 kwa sampuli 48,000 kila sekunde, huchukua takriban gigabaiti 1. Ukurasa mmoja wa kadiri ya A4 uliochanganuliwa kwa rangi, nukta 600 kwa kila inchi na bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 100. Hivyo basi, kurasa 10,000 huchukua terabaiti 1 nzima. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Je, kibaba hiki kikijaa, kitapanuliwaje bila kumwaga kilichomo? Makala hii inalenga kujibu swali hilo kwa kufafanua jinsi safu ya diski iitwayo RAID inavyopanuliwa kwa kuongezewa masanduku ya diski.

Maana na Chimbuko la RAID

Dhana ya RAID ilifafanuliwa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala waliyoiwasilisha mwaka wa 1988. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali, mradi ziwe na ziada ya data itakayofidia diski inayoharibika. Herufi ya tatu ya akronimu hiyo ilisimamia unafuu wa bei; baadaye watengenezaji waliifasiri upya kwa maana ya diski zinazojitegemea.

Ziada hiyo hupatikana kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni uakisi, ambapo kila diski huwa na pacha wake anayebeba data ile ile. Njia ya pili ni pariti. Ichukuliwe mfano wa diski tatu zenye tarakimu 1, 0 na 1. Diski ya nne huandikwa tarakimu itakayofanya idadi ya 1 iwe shufwa. Hapa huandikwa 0. Diski ya pili ikifa, mfumo hutazama zilizobaki, yaani 1, 1 na 0, ukaona kwamba idadi ya 1 tayari ni shufwa, na kwa hivyo tarakimu iliyopotea ni 0. RAID 5 hutumia pariti moja na huhimili kifo cha diski moja. RAID 6 hutumia pariti mbili na huhimili vifo vya diski mbili kwa wakati mmoja.

Sanduku la Diski ni Nini?

Seva huwa na nafasi chache za diski. Nafasi hizo zikiisha, hununuliwa sanduku la nje ambalo aghalabu hubeba diski 12 au 24. Sanduku hili halina akili ya kuendesha programu za mtumiaji. Lina diski, feni, vipaza umeme na kifaa kinachoziunganisha diski zake na kidhibiti kilichomo ndani ya seva kwa kebo. Sanduku la pili huweza kuunganishwa na la kwanza, la tatu na la pili, mithili ya mabehewa ya garimoshi. Mfano huo wa garimoshi unadokeza hatari iliyopo: behewa la kati likikatika, yaliyo nyuma yake nayo huachwa njiani. Ndiyo maana mafundi hupendelea kuweka njia mbili za kebo, moja ikianzia mwanzo wa msururu na nyingine ikianzia mwisho.

Njia za Kupanua

Ichukuliwe kwamba idara ina sanduku moja lenye diski 12 za terabaiti 4 kila moja katika kundi la RAID 6. Diski mbili kati ya hizo ni sawa na fidia ya pariti, hivyo nafasi inayotumika ni terabaiti 40. Idara inanunua sanduku la pili lenye diski 12 nyingine za kadiri ile ile. Kuna njia tatu za kuzingatiwa.

Mosi, kundi lililopo hurefushwa hadi diski 24. Nafasi hufikia terabaiti 88, ambayo ndiyo kubwa zaidi. Hata hivyo, kidhibiti hulazimika kuvipanga upya vipande vyote vya data na kukokotoa pariti upya, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa huku diski kongwe zikifanyizwa kazi ngumu. Isitoshe, ni diski mbili tu kati ya 24 zinazoruhusiwa kufa. Sanduku moja likizimika, diski 12 hutoweka kwa mpigo na kundi zima husimama.

Pili, diski mpya huundiwa kundi lao la RAID 6, kisha makundi hayo mawili huunganishwa kuwa hifadhi moja. Nafasi huwa terabaiti 80. Data ya zamani haiguswi na kila kundi huhimili vifo viwili vyake. Hata hivyo, kundi moja likiangamia kabisa, hifadhi nzima iliyoyaunganisha huathirika.

Tatu, hutumiwa uakisi, kila diski ya sanduku la kwanza ikiwa na pacha wake katika sanduku la pili. Nafasi hupungua hadi terabaiti 48, lakini sanduku zima linaweza kuzimika na kazi ikaendelea. Njia hii hulazimu data yote ihamishwe kwanza kwingineko, kwa kuwa kundi la zamani sharti livunjwe.

Kanuni inayojitokeza hapa ni kwamba, ili kundi lihimili kuzimika kwa sanduku, lisiwe na diski nyingi katika sanduku moja kuliko idadi ya vifo linavyoweza kustahimili. Kundi la RAID 6 lenye diski 12, mathalani, lingehitaji masanduku sita yenye diski mbili mbili za kundi hilo.

Hatua za Utekelezaji

Kabla ya kugusa kebo yoyote, nakala ya akiba hufanywa na kujaribiwa kwa kurejesha baadhi ya faili. Kisha diski zilizopo hukaguliwa zote, kwani dosari iliyojificha hufichuka wakati wa kupanga upya, wakati ambao ni mbaya kuliko wote. Diski mpya ziwe na ukubwa usiopungua wa zile za zamani. Katika kundi moja, diski kubwa huhesabiwa kwa kipimo cha ile ndogo kabisa. Masanduku huwashwa kwanza na seva baadaye. Wakati wa kuzima, seva hutangulia. Mpangilio huu ukipuuzwa, seva huweza kuamka, ikakosa diski na kudhani kwamba zimekufa.

Baada ya diski zote kuonekana, kundi hurefushwa au huundwa jipya. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Ukweli ni kwamba mfumo wa faili haujui bado kwamba uwanja umepanuka. Nao sharti upanuliwe. Uamuzi huo ufanywe kwa makini, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya faili, kama vile XFS inavyojulikana zaidi, hukubali kukuzwa lakini haikukusudiwa kupunguzwa. Aidha, pale umeme unapokatika mara kwa mara, betri ya kulinda seva na masanduku yote ni sharti: umeme ukipotea katikati ya uandishi, data na pariti yake huweza kutofautiana.

Hitimisho

Ikumbukwe kwamba RAID si nakala ya akiba. Faili ikifutwa kimakosa, hufutika katika diski zote papo hapo. Chumba kikiungua, masanduku yote huungua pamoja. Nakala nyingine sharti ikae mahali pengine. Kwa idara iliyotajwa katika mfano, njia ya pili pamoja na nakala katika jengo jingine inafaa zaidi, kwa kuwa kusimama kwa hifadhi kwa siku moja kunavumilika, ilhali kupotea kwa data hakuvumiliki. Kitabu kilichochapishwa huweza kununuliwa tena. Sauti ya mtambaji aliyekwisha kuaga dunia haiwezi kurekodiwa mara ya pili. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kujua kanda alizokusanya zinakaa katika diski ngapi, katika masanduku mangapi, na ni vifo vingapi vinavyoweza kuhimiliwa kabla ya sauti hizo kunyamaza.