Mishipa Midogo ya Moyo Hupimwaje?

Shamba la mpunga hupata maji kutoka mfereji mkubwa. Mifereji midogo huyafikisha kwenye mimea. Mfereji mkubwa ukiwa mzima, lakini midogo imeziba, mpunga utakauka.

Moyo nao ni hivyo hivyo. Mishipa mikubwa huuletea damu. Mishipa midogo, myembamba kuliko nusu milimita, huigawa damu hiyo katika nyama ya moyo. Mishipa midogo ikibana, mtu huumwa kifua, hasa akifanya kazi nzito. Wanawake wengi hupatwa na ugonjwa huu.

Picha ya eksirei huonyesha mishipa mikubwa tu. Hivyo mgonjwa huweza kuambiwa, "Mishipa yako ni mizima," na huku bado anaumwa. Ndiyo sababu vipimo vingine vinahitajika.

Daktari hupitisha waya mwembamba katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye mishipa ya moyo. Waya hupima msukumo wa damu. Kisha hupimwa jinsi damu inavyopita. Msukumo ukiwa mkubwa na damu inayopita ni kidogo, mishipa midogo inabana. Kupita kwa damu hupimwa kwa njia hizi tatu.

Njia ya kwanza ni maji ya chumvi yaliyo baridi kuliko damu. Daktari huyasukuma kwa bomba la sindano, mara 3. Waya huonyesha yametumia muda gani kufika. Njia hii ilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 2003. Kipimo cha 25 au zaidi huonyesha kuwa mishipa inabana. Njia hii ni rahisi. Lakini mkono hausukumi sawasawa kila mara, kwa hiyo majibu huweza kutofautiana.

Njia ya pili ni mawimbi ya sauti. Hugonga chembe za damu na kurudi, yakaonyesha kasi ya damu yenyewe. Lakini waya ukikaa vibaya, kipimo hakisomeki vizuri.

Njia ya tatu hutumia mashine. Mashine husukuma maji ya chumvi kwa kipimo kimoja bila kukatika. Haitegemei mkono wa mtu. Ukirudia kupima, majibu hukaribiana zaidi. Lakini inahitaji mrija wa pekee.

Vipimo hivi hufanywa katika hospitali kubwa zenye vifaa hivyo. Wewe anza na zahanati. Ukiumwa kifua, nenda upesi. Eleza maumivu huanza lini na hukaa muda gani. Ukiambiwa mishipa mikubwa ni mizima, lakini bado unaumwa, rudi ukaseme. Usinyamaze. Pima presha, na acha sigara.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini picha ya eksirei peke yake haitoshi?
2. Njia ya kwanza na ya tatu zinatofautianaje?