Kuchagua Chuo cha Uuguzi Ukubwani

Mji wa Mocímboa da Praia, ulioko pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, unafahamika kwa askari wengi wa sehemu hii ya Afrika kwa sababu ya vita. Tarehe 5 Oktoba, 2017, wapiganaji wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi mjini humo. Mwezi Agosti, 2020, waliuteka mji pamoja na bandari yake, wakaushikilia kwa muda wa mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na ya Rwanda yalipoukomboa tarehe 8 Agosti, 2021. Wananchi waliorejea makwao walikuta nyumba zimechomwa na hospitali yao imeharibiwa. Kusimamisha upya kuta za hospitali ni kazi ya mafundi na fedha. Lakini kumpata mtu wa kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa usiku wa manane, akijua anachokifanya, ni kazi ya miaka.

Vijana waliotoka shuleni peke yao hawatoshi kuijaza nafasi hiyo. Wako pia watu wazima wanaofikiria kuacha kazi zao za zamani ili wajifunze uuguzi: mvuvi aliyepoteza chombo chake, fundi cherehani aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi, mama mjane mwenye watoto, na askari au polisi aliyekaribia kumaliza muda wake, ambaye mara kadhaa amefunga jeraha la mwenzake porini akatambua kwamba mkono wake hautetemeki. Mtu kama huyo akikosea kuchagua chuo hapati nafasi ya kukosea mara ya pili. Atapoteza miaka miwili au mitatu, akiba yake yote, na imani ya jamaa zake. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu.

Kwanza, mtu mzima asione haya. Historia ya Msumbiji yenyewe imefungamana na kazi ya uuguzi. Samora Machel, aliyezaliwa tarehe 29 Septemba, 1933, alisomea uuguzi katika hospitali ya Miguel Bombarda mjini Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Alifanya kazi hiyo, akaona jinsi muuguzi Mwafrika alivyolipwa kidogo kuliko mwenzake Mzungu kwa kazi ile ile. Mwaka 1963 aliondoka, akaja Tanzania kujiunga na FRELIMO, akawa askari, kisha kamanda, na tarehe 25 Juni, 1975, akawa Rais wa kwanza wa nchi yake. Yeye alitoka katika uuguzi akaenda kushika silaha. Wengine walikwenda njia ya pili yake.

Baada ya vita vya ukombozi kuanza tarehe 25 Septemba, 1964, majeruhi walibebwa kwa machela kutoka Cabo Delgado, wakavushwa mto Ruvuma hadi Mtwara. Huko FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Dakta Américo Boavida, tabibu wa Angola aliyeuawa mwaka 1968 akiwa katika mapambano ya nchi yake. Wapiganaji na wakulima walifundishwa kusafisha vidonda, kuchoma sindano na kuwahudumia wazazi, kisha wakarudi kufanya kazi hiyo katika maeneo yaliyokombolewa. Wengi wao walikuwa watu wazima, na elimu yao ya darasani ilikuwa ndogo.

Hata hivyo historia hiyo ina funzo lake la pili, nalo halifurahishi kama la kwanza. Ujuzi wa vitani peke yake haukumfanya mtu kuwa muuguzi wa taifa. Baada ya mapatano ya amani ya tarehe 4 Oktoba, 1992, baina ya Serikali ya Msumbiji na Renamo, wahudumu wa afya waliokuwa msituni upande wa Renamo walitaka kuingia katika huduma ya afya ya taifa. Walikuwa wametibu watu kwa miaka mingi, lakini suala lililowakabili mara moja lilikuwa elimu yao ya shuleni na vyeti vyao. Huo ndio ukweli ambao askari hana budi kuujua mapema: kufunga bandeji kwa ustadi chini ya risasi ni sifa kubwa, lakini mlango wa chuo hufunguliwa kwa cheti cha shule.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni mtu kupima elimu aliyo nayo. Nchini Tanzania, mathalani, anayeomba stashahada ya uuguzi na ukunga ya miaka 3 hutakiwa awe amefaulu mtihani wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Asiyepata kusoma sekondari anaweza kuanza na Mtihani wa Maarifa, ambao humpa ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nchini Msumbiji nako yako madarasa ya sekondari ya usiku kwa watu wazima. Askari aliyebakiwa na miaka miwili ya utumishi angefanya vyema kuitumia jioni yake kwa Kemia na Biolojia, badala ya kungoja siku ya kukabidhi bunduki ndipo aanze kutafuta daftari.

Hatua ya pili ni kuamua ngazi na aina ya kazi. Nchini Msumbiji mafunzo ya uuguzi yana ngazi mbalimbali, na yako matawi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa na watu wasiojua. Lipo tawi la uuguzi wa jumla, na lipo tawi la uuguzi wa afya ya mama na mtoto, ambalo kazi yake kubwa ni mimba, uzazi na watoto wachanga. Anayetaka kurudi kufanya kazi katika zahanati ya pwani hana budi kujiuliza atakutana zaidi na wagonjwa gani. Kwa wale wenye elimu ndogo, nchi hiyo ilianzisha mwaka 1978 kada ya wahudumu wa afya wa vijijini, waliofundishwa kwa miezi 6 kisha kurudishwa katika vijiji vyao. Kada hiyo ilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ikafufuliwa mwaka 2010. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini si uuguzi, na mtu asikubali kuambiwa kwamba ni kitu kimoja.

Hatua ya tatu ni kuchunguza chuo chenyewe. Hapa ndipo watu wazima wengi hunaswa, kwa kuwa wana haraka na wana fedha kidogo mkononi. Tangazo lenye picha ya kijana aliyevaa koti jeupe si ushahidi wa kitu chochote. Swali la kwanza ni kama chuo kimesajiliwa na serikali kwa kozi hiyo hasa, wala si kwa kozi nyingine. Jibu la swali hili hutafutwa kwa mamlaka inayosajili. Nchini Tanzania, vyuo hivyo husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na mhitimu haruhusiwi kufanya kazi mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga limtahini na kumpa leseni. Nchini Msumbiji, mahali pa kuuliza ni ofisi ya afya ya wilaya au ya jimbo. Kuuliza hakugharimu kitu ila nauli.

Swali la pili ni hili: wanafunzi hujifunzia wapi kwa vitendo? Uuguzi haujifunzwi ubaoni. Chuo kizuri kina hospitali yenye wagonjwa, na kina mwalimu anayefuatana na wanafunzi wodini. Mwombaji aulize wazazi wangapi hujifungua kwa mwezi katika hospitali hiyo, na wanafunzi wangapi hugombania kitanda kimoja. Akiambiwa kwamba mazoezi yatapangwa baadaye, aage na kuondoka. Mfano mzuri wa jambo hili uko kusini mwa Tanzania, mahali pasipo mbali na mto Ruvuma. Huko Ndanda, katika mkoa wa Mtwara, shule ya uuguzi iko pamoja na hospitali ya misheni ya Wabenediktini, hata mwanafunzi anayetoka darasani anajikuta wodini.

Swali la tatu ni lugha. Mocímboa da Praia ni mji wa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na Kireno ndiyo lugha ya ofisi. Anayesoma Msumbiji atasoma kwa Kireno, na anayesoma Tanzania atafanya mitihani yake kwa Kiingereza. Mtu ajihoji bila kujidanganya ni lugha ipi anayoweza kuisoma usiku akiwa amechoka. Leseni ya nchi moja nayo haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi katika nchi nyingine bila vyeti vyake kukaguliwa na kukubaliwa. Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi Cabo Delgado, akavuka mto kwenda kusoma upande wa Tanzania kwa sababu ni karibu, aulize kwanza upande atakaorudi kama cheti chake kitapokelewa.

Lakini kwa mgonjwa, lugha ya mama ndiyo yenye thamani kubwa kupita zote. Kaskazini mwa Msumbiji yametokea maafa kwa sababu ya maneno mawili ya Kireno yanayokaribiana kwa sauti, yaani jina la kipindupindu na jina la dawa ya klorini inayotiwa katika maji. Uvumi ulienea kwamba watu wa afya wanaotia dawa visimani ndio wanaotia ugonjwa. Mwaka 2009, katika jimbo la Nampula, watu waliokuwa wakisaidia kupambana na kipindupindu walishambuliwa na wengine kuuawa. Polisi waliotumwa kutuliza ghasia za namna hiyo wanajua kwamba bunduki haiwezi kuondoa uvumi. Muuguzi mtu mzima, anayejulikana mtaani, anayeweza kueleza kwa Kimwani mbele ya wazee kazi ya dawa ile, huokoa maisha ya watu na hulipunguzia jeshi la polisi kazi.

Swali la nne ni gharama. Mtu mzima asihesabu ada tu. Ahesabu chumba, chakula, sare, nauli, na matumizi ya nyumba aliyoiacha nyuma. Kutoka Mocímboa da Praia hadi Pemba, makao makuu ya jimbo, ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na katika miaka ya vita barabara hiyo mara kwa mara haikupitika bila msafara wa ulinzi. Nampula, kilipo kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Lúrio kilichoanzishwa mwaka 2006, ni mbali zaidi. Chuo cha ada ndogo kilicho mbali chaweza kuwa ghali kuliko cha ada kubwa kilicho karibu. Heri kuchelewa mwaka mmoja ukaweka akiba, kuliko kuanza kwa fahari ukaacha kozi katikati. Mwenye jeshi atazame pia nyumbani kwake mwenyewe: Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa mfano, huwafundisha watu wake sayansi za tiba huko Lugalo, Dar es Salaam. Ni busara kumwuliza mkuu wa kikosi kuhusu nafasi za namna hiyo kabla ya kuomba kuacha kazi.

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika fomu ya maombi. Mikataba ya Geneva ya tarehe 12 Agosti, 1949, inataka majeruhi na wagonjwa watunzwe bila ubaguzi, hata akiwa ni adui aliyekamatwa. Katika mji kama Mocímboa da Praia sharti hilo ni zito. Aliyekuwa askari anaweza kuitwa usiku kumtibu mtu ambaye huenda ndiye aliyemwua rafiki yake. Atatakiwa apime homa yake, amsafishe kidonda na kumpa maji kwa mkono ule ule uliokuwa ukishika silaha. Asiyeweza kufanya hivyo asione aibu kuchagua kazi nyingine. Anayeweza, ana sifa ambayo hakuna chuo kinachoweza kumfundisha.

Kwa hakika umri si kizuizi. Mtu wa miaka 35 au 40 amekwisha kuuguza wazazi, amezika, amelea, na amejifunza kukesha bila kunung'unika. Askari na polisi wana ziada ya nidhamu, kutii saa, na kutunza vifaa vya umma. Sifa hizo zikiongezewa chuo kilichosajiliwa, hospitali yenye wagonjwa, lugha inayoeleweka na hesabu ya fedha isiyo na udanganyifu, taifa hupata muuguzi atakayedumu kazini. Zisipoongezewa hayo, hupatikana mtu mwenye deni na karatasi isiyotambuliwa. Mama anayefika usiku na uchungu wa uzazi baada ya kutembea kutoka kijijini hatauliza muuguzi alianza kusoma akiwa na umri gani. Atataka kujua tu kama aliyempokea ameijua kazi yake.